Samaki Wawili wa Deusi

Jumatatu, 4 Desemba 1978
Ndoo mbili za maji nimetoa, mbili nimeingiza. Maji ya mvua, yaliyolala siku nzima. Chupa nne za maji ya moto nimezizamisha kwenye pembe za tangi, maana asubuhi za hapa Nyabusozi zina baridi na hawa samaki ni wa nchi ya joto. Nimewapa viluwiluwi vya mbu. Wamekula.

Samaki malaika wawili. Mmoja wa mistari myeusi, mmoja mweupe. Chini wapo kambale watatu wa kizungu, urefu wa kidole, wanafagia mchanga. Hawagombani na mtu. Tangi ni la Deusi, mwalimu, mtoto wa dada yangu. Alipewa na bwana shamba Mzungu aliyerudi kwao. Deusi ameitwa mgambo, kapelekwa vitani. Mwezi sasa. Hakuna barua.

Kaniachia karatasi ya maagizo. Sijaisoma yote. Mimi nimevua Ziwa Burigi tangu sijaota meno ya pili. Na darasa la nne nililosoma mimi ni sawa na la kumi la siku hizi.

Jumatano, 6 Desemba
Dada kaja tena kutazama samaki. Halali, hali. Anasema redio inataja ushindi tu, majina haitaji. Nikaona nimpe kitu cha kushika. Nikamwambia babu yetu alifuga kambale kwenye mtungi. Siku babu alipochomwa mkuki kule Ruvubu, yule kambale akalala ubavu saa ileile. Babu alipopona, akainuka. Kwa hiyo huyu wa mistari akiogelea, Deusi ni mzima.

Babu hakufuga samaki. Alikuwa anaogopa hata dimbwi. Lakini alikufa dada hajazaliwa.

Dada kanywa uji wote. Nimefanya kazi nzuri.

Ijumaa, 8 Desemba
Sasa anapita kila asubuhi kabla ya shamba. Ananiamkia mimi, kisha anamwamkia samaki. Majirani nao wanakuja. Wao nimewapa ile hadithi ya mkuki, nikaongeza na chatu. Mke wangu ananitazama tu.

Jumapili, 10 Desemba
Baada ya misa mwenyekiti wa kijiji kapita na watu wake. Kaangalia tangi, kanicheka mbele ya wote. "Mzee, wananchi wote tumehamia kijijini, hawa mabwanyenye wako bado wanakaa peke yao na watumishi watatu?" Watu wakacheka sana. Nikajibu kwamba wenzao wenyeji wako njiani, nimeshaagiza, tangi hili litakuwa kijiji cha mfano.

Sikuwa nimeagiza kitu. Sasa itabidi.

Jumanne, 12 Desemba
Furu watatu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Burigi, ndani ya kopo la samli, hai. Mleta samaki kashangaa nilivyowashika kwa mkono mmoja. Nimewaingiza tangini. Mwenyekiti kaitwa, kaona, kapiga makofi. Kasema nimeonyesha mfano. Niliongea kirefu. Nadhani niliongea vizuri.

Jumatano, 13 Desemba
Furu wameshika mawe yote ya kushoto. Kambale wamejibana chini ya jani. Nadhani wanazoeana. Hata sisi tulipohamishiwa hapa tuligombana mwezi wa kwanza.

Alhamisi, 14 Desemba
Pezi la juu la yule wa mistari limechanika. Dada kaliona kabla yangu. Kauliza Deusi kaumia wapi. Nikasema mkono, kidogo tu, mkono wa kushoto. Kaondoka analia.

Mchana nimeisoma karatasi ya Deusi yote. "Mjomba, usichanganye. Wanaoelewana na malaika ni samaki wapole, wasio wadogo kiasi cha kumezwa, wala wakali wa kung'ata mapezi. Samaki wa ziwani kwetu usiweke hata mmoja." Kaweka mstari chini ya "hata mmoja". Ananijua.

Ijumaa, 15 Desemba
Nimekata kipande cha chandarua, nimenasa furu wawili. Wa tatu kajificha ndani ya mawe. Nikitoa mawe maji yanachafuka, sioni kitu. Nimeloa mpaka kifuani. Huyu wa mistari sasa anakaa juu, pembeni, kichwa chini. Hali.

Naogopa. Nimekutana na simba mara mbili, mara moja kwa kweli. Sikuogopa hivi.

Jumamosi, 16 Desemba
Furu wa tatu nimempata. Nimemrusha kwa kuku. Nimebadili maji, chupa za moto nimeongeza zikawa sita. Dada kakaa kwenye kigoda mbele ya kioo tangu asubuhi hadi jua kuzama. Shamba hajaenda.

Jumapili, 17 Desemba
Amekufa. Alfajiri, ubavu, kama nilivyosema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nimemzika kwenye migomba. Dada alipokuja nikasema kajificha nyuma ya majani. Akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama. Akasema, "Kaka, yuko wapi?" Nikamwonyesha kwenye migomba.

Jumatatu, 18 Desemba
Nyumbani kwa dada wamelaza majani sakafuni. Wanawake wamekaa chini, wameacha kulima. Wanaume wamekoka moto uani. Matanga ya mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa, isipokuwa mimi na samaki.

Nilisimama katikati yao nikasema ni uongo. Babu hakuwa na kambale, wala mtungi, wala mkuki. Furu niliweka mimi, kwa sifa. Wakaniitikia, "Pole, mzee. Uchungu huo." Mmoja akanifundisha ile hadithi upya, na chatu wake.

Miaka yote wameniamini nikidanganya.

Jumamosi, 23 Desemba
Dada kanyoa nywele. Anakula ukilazimisha. Samaki mweupe yupo, hatembei sana. Ninawasha jiko mara tatu kwa ajili ya chupa. Mke wangu kasema huyo akifa nisitoke nje kuhubiri. Krismasi hii sitaki mtu nyumbani.

Alhamisi, 4 Januari 1979
Barua. Imeletwa na dereva wa lori kutoka Bukoba. Mwandiko wa Deusi, nimeujua kwenye bahasha. Nikakimbia nayo mpaka kwa dada, mimi na tumbo hili.

Dada hajui kusoma. Nikaanza kumsomea, akaninyang'anya. Akasema, "Siyo wewe." Akaipeleka kwa katekista, mimi nyuma yake, na kijiji kizima nyuma yangu.

Katekista akavaa miwani. Akasoma tarehe kwanza: ishirini na moja Desemba. Dada akamwambia arudie. Akarudia. Nikamwona dada anahesabu kwa vidole, tangu Jumapili ile. Siku nne. Deusi aliandika siku nne baada ya samaki kufa, mzima, anaomba soksi.

Mkono wake wa kushoto haukuguswa.

Dada alikaa chini hapohapo kwenye vumbi. Hakunitazama. Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia. Hili simwambii mtu.

Jumapili, 7 Januari
Ndoo mbili nimetoa, mbili nimeingiza. Mweupe kala. Kambale watatu wanafagia.

Dada kapita asubuhi, mara ya kwanza tangu matanga. Kichwa chake kinaanza kuota nywele. Kanisaidia kubeba chupa za moto. Kainama kwenye kioo muda mrefu, kisha kasema, "Huyu usimwambie mtu yeyote ni nani." Nikasema sawa.

Jioni nimeanza barua ya kumjibu Deusi. Alikuwa ameuliza habari za malaika wake. Nimeandika: Walikuwa wawili, amebaki mmoja, kosa langu. Nimeisoma mara mbili. Sijaongeza kitu.