Kelele Haiumizi Mguu

Nyumbani kwa Bi Mwanatumu,
Msambweni, Kwale.
21 Machi 1999

Mpendwa Kaka Gedion,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nakuru, wewe na wifi Claire na mtoto. Vile vikohozi vyake vimepoa? Huku hatujambo. Mvua bado hatujaiona, na kule kwetu Kinango mama anasema ng'ombe wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji. Mguu wangu unaendelea kupata nafuu, ingawa hukuuliza.

Salamu zimetimia, na adabu niliyofunzwa nyumbani nimeitoa. Sasa niache nikasirike.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Garama kununua mafuta ya taa. Akaniita pembeni, lakini pembeni ya duka lile unaijua, ni hapo hapo. Watu walikuwa wamejaa. Akaniambia umepiga simu na kuacha ujumbe: nifungashe vitu vyangu nirudi Kinango, mwisho wa mwezi hulipi tena chumba, kwa kuwa umepata habari ninaweka mwanamume ndani. Garama si mbaya, alisema kama alivyoambiwa, tena kwa sauti ya chini. Waliokuwa wakinunua sukari wakaacha kununua sukari. Nilitoka pale bila mafuta ya taa.

Kaka, huyo mwanamume unamjua. Wewe ndiye uliyemchagua.

Umesahau Krismasi? Bwana Randu, yule mtaalamu wa viungo pale hospitalini, alitueleza sote wawili kwamba mfupa umeunga lakini goti limekakamaa, na dawa yake ni kupiga pedali kila siku. Akakataza nisiendeshe baiskeli barabarani, maana nikianguka tena kwenye mchanga huu sitapona vizuri. Akasema itafutwe baiskeli ya kusimama, ya mazoezi ya ndani. Na unajua kwa nini nina haraka. Baada ya Pasaka darasa letu la uuguzi linaanza zamu za wodini, na asiyeweza kusimama zamu nzima na kuinama kumwinua mgonjwa atawangoja wa mwaka ujao. Nani atanilipia mwaka ujao, wewe?

Tukaenda Ukunda, kwenye ule ua wanakouza vyombo vya hoteli zilizofungwa tangu watalii walipokimbia zile fujo za mwaka juzi. Magodoro, majokofu, viti vya bwawani, na baiskeli za mazoezi mbili. Moja ina gurudumu zito linalobanwa na mkanda wa ngozi. Nilipanda nikaizungusha, ikawa kimya hata nikasikia nzi. Ya pili gurudumu lake ni feni. Kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyovuma, na kiti chake kinalia. Nikakuomba ya mkanda. Nikakuambia, kaka, mimi nakaa nyumba ya vyumba, na ukuta haufiki kwenye makuti. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia afya. Nikakuambia hata kama ile ya mkanda ni ghali, basi tumwendee fundi Kalama atuchomelee stendi ya kuinua gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ya zamani, afunge na kipande cha kandambili kisugue tairi. Ingekuwa rahisi kuliko zote na isingemsumbua mtu.

Wewe ukacheka. Uliyezoea mashine za kiwanda ukasema ya feni itanipepea wakati wa joto. Na neno la mwisho ukasema, mbele ya muuzaji, "Kelele haiumizi mguu." Ukalipa, tukaipakia. Nilikushukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Lakini rahisi ni ghali, na ghali yenyewe nimeilipa mimi.

Siku ya kwanza tu nilipopanda, Mama Judy wa chumba cha pili alikuja mbio akidhani paa linang'oka. Yeye anafua nguo hotelini Diani, akirudi anataka kulala. Bi Mwanatumu mwenye nyumba akaitazama mashine, akasikitika, akapanga saa yangu: baada ya sala ya magharibi, wakati ambao kila jiko linawaka na redio zote zinasema. Tangu hapo hakuna asiyejua. Hata muuza mihogo wa barazani akisikia feni husema muuguzi ameanza safari. Nafunga mlango kwa sababu nimevaa kaptura, na wanaume wanapita ukumbini kwenda msalani. Nahema kwa sababu nachoka. Naguna kwa sababu goti linauma, kaka, linauma sana, na hilo wewe hulijui kwa kuwa hujawahi kuvunjika hata ukucha.

Sasa huyo Timothy, mwana wa baba mdogo, mama alimtuma aniletee unga na njugu. Akafika wakati huo. Akasimama ukumbini, akasikia. Badala ya kupiga hodi, akaweka kifurushi chini, akanyata kama mwizi, akaenda zake kukupigia simu. Hodi tu, Gedion. Hata anayekuja kudai, kwetu hupiga hodi. Neno moja na ningemjibu karibu, akaniona na jasho langu na baiskeli yangu, tukala njugu.

Na wewe hukumuuliza, "Ulimwona?" Ulimuuliza? Ukamwamini aliyesikia kupitia ukuta, ukamwambia na mama.

Ijumaa mama akaja. Alikuja na kikapu kikubwa cha kubebea vyombo vyangu, na nyuma yake Timothy mwenyewe, amefura kama hakimu. Ilikuwa saa yangu ileile. Nikasikia hodi, nikajua ni sauti ya mama, nikajibu karibu nikiwa juu ya mashine. Mama akaingia akasimama. Timothy akachungulia nyuma ya mlango, kisha akainama akachungulia uvunguni. Uvunguni kuna ndoo na viatu. Niliona macho ya mama yakimfuata alivyoinama, na yakahamia kwenye goti langu, ambalo lilikuwa limevimba.

Mama akasogea kwenye mashine. Alikigusa kile kiti, kikalia. Akamwambia Timothy, "Panda." Timothy akacheka. Mama akarudia, nawe unajua mama akirudia. Akanitoa nje, akafunga mlango, tukasimama ukumbini pamoja na Bi Mwanatumu na Mama Judy. Ndani feni ikaanza kuvuma, kiti kikalia, na haukupita muda Timothy, mbeba magunia, akaanza kuhema na kuguna kuliko mimi.

Mama akaweka mdomo karibu na mlango. "Timothy, umo humo na nani?"

"Peke yangu, mama mkubwa."

Nyumba nzima iliangua kicheko, hadi wa barazani. Mama naye alicheka, akajifuta machozi kwa leso. Kikapu kile amekiacha hapa, niwekee vitabu.

Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka. Wao wana haki ya kucheka, hawakuitwa malaya dukani. Timothy ameniomba radhi, nimempokea nusu. Yeye ni mjinga. Wewe si mjinga, wewe ni kaka yangu uliyenibeba mgongoni kwenda shule nilipokuwa na surua, na ndiyo maana naumia. Nani angenijua kama si wewe? Kama mashine ingekuwa ile ya kimya, ningekuwa na heshima kwako? Basi heshima yangu ilikuwa mkanda wa ngozi tu.

Nataka mambo mawili. Utapiga simu kwa Garama Jumamosi alasiri, duka likijaa, umpe ujumbe kwamba ulikosea, autoe kwa sauti aliyoutolea ule wa kwanza, au zaidi kidogo. La pili, chumba sihami. Bi Mwanatumu amesema hata usipolipa nikae, kodi yake iwe kumwandikia barua za kwa watoto wake na kumpima presha hadi nitakapopata kazi. Mashine pia naibakisha. Goti limeanza kukunjika, juzi nimechuchumaa mara ya kwanza. Wodini nitaingia, na nitaingia kwa hiyo hiyo kelele uliyoninunulia.

Msalimie wifi Claire, mtoto mbusu kwa niaba yangu, na mzee Tembo jirani yenu mpe salamu. Mama anakusalimia na kusema atazungumza nawe mwenyewe. Mungu akulinde kazini na akupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu.

Kuhusu kelele, ulisema kweli, mguu haikuuumiza.

Pasaka ukija, simama mlangoni. Hata usikie nini ndani, piga hodi.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimenuna,
Lenah Chirau