Namba Saba Aliyopewa Mwingine

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote waliopanga foleni hapo kwenye kioski chako cha maji. Ule mguu uliokuwa unavimba umepoa? Mwili wangu ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani haina adabu. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza.

Unajua vile vifuniko vya soda ulivyoandika namba, unavyowapa akina mama ili wasisukumane mferejini? Mtu akiondoka, kifuniko chake unampa mwingine papo hapo. "We wa nyuma, kuja! Maji haingojangi mtu!" Mtaa wetu wote wa Nyalenda unaijua sauti hiyo. Nami niliibeba hadi huku, ikaniponza.

Natengeneza programu inayopeleka ujumbe wa wauguzi katika hospitali moja. Simu ya muuguzi ikiingia kwenye mtambo hufunguliwa mlango, sisi tunauita soketi, na kila mlango una namba. Miezi iliyopita niliandika kwamba simu ikikatika, namba yake apewe anayefuata mara moja. Nilijiona mjanja. Sikufikiria ujumbe ambao bado uko njiani. Mwezi huu ujumbe wa dawa ukamfikia muuguzi ambaye haukuwa wake. Kwa bahati alishtuka, akauliza, na mgonjwa hakudhurika.

Lawama zikamwangukia Lukas, ambaye meza yake inatazamana na yangu, kwa kuwa ndiye wa mwisho kugusa sehemu hiyo. Mkubwa wetu akampa wiki moja aonyeshe kosa liko wapi, la sivyo aondoke. Ni kosa gumu kulikamata. Ukilichungulia halitokei, mpaka simu moja ikatike na nyingine iingie wakati uleule.

Jumatatu mchana nikakumbuka siku Mama Apondi alipomkimbilia mtoto aliyeanguka, akaacha mtungi wake chini ya mfereji. Kifuniko chake, namba saba, ukampa mgeni. Ulipoita saba, mgeni akaubeba mtungi wa Mama Apondi, mkazozana hadi maji yakafungwa! Nilicheka peke yangu. Kisha nikafungua kazi yangu ya zamani, nikaacha kucheka.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa mistari michache tu: namba asipewe mtu mwingine mpaka kila ujumbe wa mwenyewe wa kwanza umalizike. Ningeimaliza kabla ya chai ya jioni. Lakini kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii, Mama, na niliogopa sana. Siku nne nilinyamaza, huku Lukas akipekua mistari yake mwenyewe, macho mekundu, na mkewe yuko karibu kujifungua. Wewe husema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuwa kinamjia mtu mwingine.

Ijumaa nikaenda kwa mkubwa, nikasema yote. Alinikaripia vizuri sana, kisha akaniambia nirekebishe. Kazi bado ninayo, usiwe na wasiwasi. Nikamfuata Lukas kumwomba msamaha. Hakufoka. Aliuliza tu, "Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

Akawa anakunja waya wa kompyuta yake, polepole. "Na kila asubuhi ukanisalimia," akasema. Kisha akachukua koti, akaenda nyumbani.

Nisalimie dada yangu Awino akija kutoka chuoni Maseno, na umwambie ale, asisome tu. Msalimie Baba Mdogo wa Muhoroni na trekta lake la miwa lisilozeeka. Mama Apondi pia, kama mnaongea siku hizi. Wakiuliza habari za kazi, sema inaendelea. Haya mengine nimekuandikia wewe peke yako.

Leo ni Jumapili. Kesho asubuhi nitamkuta Lukas mezani, na sijui nimsalimie au nipite kimya. Wewe umesalimiana na watu maisha yako yote, Mama. Niambie.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka,
Adhiambo