Nani Aliyemharibia Jaji Usingizi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku miili ni mizima. Roho ndiyo inayofuka moshi, na barua yako imeimwagia mafuta ya taa.

Eti nimemfukuza mama mkwe! Eti namwacha mtoto alie mpaka akaukwe sauti ili mimi nishone! Wewe uliyenibeba mgongoni umeyaamini hayo? Basi nisikilize.

Unamjua binti yangu, tunayemwita Jaji kwa jinsi anavyowakodolea watu macho kama anayetaka kuwahukumu. Miezi minane hajawahi kulala ila juu ya mwili wangu. Nikimlaza tu, macho pima. Cherehani imekaa, wateja wamenuna, mgongo umepinda. Muuguzi wa kliniki akanielekeza: baada ya chakula cha mchana nishushe pazia, nimwimbie wimbo uleule, nimlaze akisinzia lakini bado yu macho, nikae kigodani kando yake, nimwekee mkono kifuani. Akilia, nimbembeleze, akizidi, nimnyanyue, atulie, nimrudishe. Kila baada ya siku mbili nisogeze kigoda changu kuelekea mlangoni. Ukatili uko wapi hapo? Hajalia peke yake hata dakika moja!

Mama mkwe alikuja kunishikia mtoto nirudi kazini. Alisema amelea saba na hakuna aliyelazwa kwa kigoda, ila mtoto ni wangu, yeye hataingilia. Siku ya kumi, nikiwa pale mlangoni, Jaji aligeuka ubavu, akatia vidole viwili mdomoni, akalala. Mwenyewe!

Wiki iliyofuata mambo yakaharibika. Akigusa godoro tu, mayowe. Jumatano nikarudi kutoka kununua vifungo, nikamkuta mama mkwe amembeba mgongoni, wanazunguka uani. Damu ilinichemka. Mume wangu alipoingia kula nikasema mbele ya wote wawili, "Mama ananiharibia mtoto makusudi. Mimi najenga, yeye anabomoa!" Mama mkwe akasema tu, "Sawa, mwanangu." Asubuhi yake akafunga mzigo, akaondoka. Tangu hapo mume wangu ananijibu ndiyo na hapana, majirani wananong'ona, na sasa wewe nawe!

Nimeandika mpaka hapa kwa kalamu ya kutoboa karatasi, dada, lakini nikiifunga barua hivi nitakuwa nimekudanganya.

Siku ile Jaji alipolala mwenyewe, sikufurahi. Nilisimama mikono mitupu, nikajiona kama mtu aliyeachishwa kazi bila kosa. Nikaingia, nikamnyanyua usingizini, nikamlaza kifuani pangu. Kesho yake tena. Na siku zilizofuata. Ni mimi niliyemvuruga. Mama mkwe aliniona zaidi ya mara moja, akarudi jikoni bila neno. Jumatano ile alimbeba kwa kuwa mtoto hakukubali tena kulala kwa namna nyingine. Na nilipomsingizia mbele ya mwanawe, sentensi moja ingetosha kuniaibisha. Hakuisema. Nilimkasirikia hata kwa kunyamaza kwake! Nilitaka anijibu, tugombane, nipate haki.

Jana nilimweleza mume wangu yote. Akaniambia niende kwa mama mwenyewe, na isiwe kwa simu. Kesho napanda basi na Jaji. Nitamwomba radhi kwa kinywa changu. Asiponifungulia, nitangoja nje hadi afungue.

Waliokuletea habari waambie kwamba ni kweli mama mkwe ameonewa, na aliyemwonea ni mimi. Lakini hili la kumwacha mtoto alie ni uongo mtupu, na anayelisema anikome!

Mfikishie kila mtu hapo nyumbani salamu zake, mkubwa kwa mdogo.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi