Chakula cha Viroboto wa Maji

Mundika, Busia

Mdogo wangu mpendwa Oduori,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima. Goti langu huuma mvua inapokaribia, lakini bado linanifikisha kanisani. Natumaini wewe na mama watoto mko salama huko Malaba, na kwamba honi za malori zinawaacha mlale. Ninaandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye kitenzi.

Habari yenyewe inamhusu binti yako Nabwire. Ulimwekea sharti mbele yetu sote: vifaranga wa kambare anaowalea katika tangi nyuma ya nyumba yangu wakifa, ataacha ufugaji na kuja kufanya kazi katika ofisi yako ya kupitisha mizigo mpakani. Wamekufa. Ulipompigia simu alijibu kwamba amesikia na atakuja mwisho wa mwezi. Hakubisha, yeye aliyewahi kumbishia katekista kuhusu samaki wa Yona.

Ukimya huo ulinisumbua. Nilipomtaka anieleze kilichotokea, alikwepa habari za tangi, akanieleza habari za viroboto wa maji. Hao ni wadudu wadogo kama nukta, ambao vifaranga wa kambare huwala katika siku zao za kwanza. Viroboto wenyewe hula mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa macho. Hawatafuni; huchuja maji kwa vinyweleo vya miguuni, na chembe iliyo kubwa kuliko kinywa haiingii.

Aliposema wanaweza kufa njaa penye chakula kingi, nilimwambia sijapata kusikia kiumbe wa namna hiyo. Akaleta gilasi mbili zenye viroboto. Moja aliitilia maji ya kijani hafifu, nyingine mazito kama mrenda. Kesho yake ile hafifu ilikuwa imeanza kung'aa, kijani kimeliwa. Katika ile nzito viroboto walikuwa wamelegea. Alisema chakula kikiongezwa viroboto huongeza kula, lakini kwa kiasi. Kikizidi, vinyweleo huziba. “Baba mkubwa, wanakaa mezani wakishinda kujifuta midomo tu,” akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwona akicheka.

Siku iliyofuata jirani yetu Emojong alinisimamisha uani. “Mwalimu, hao wadudu yenu wamemaliza ile unga ya mzee? Kopo yangu ya Kasuku haijarudi!” Nikamuuliza mzee gani. “Si ndugu yako, boss wa Malaba! Alisema mtoto ananyima mifugo chakula, akaniomba unga.” Nilikwenda nyuma ya tangi, nikakuta lile kopo lake la mafuta ya kupikia limelala kwenye nyasi, chenga za unga wa mahindi zimegandia ndani.

Oduori, ni wewe. Jumapili ile uliyotutembelea, Nabwire alipokuwa jikoni akikupakulia, ulichungulia tangini ukaona maji mepesi. Ninajua moyo wako. Nyumbani kwa mama yetu ilikuwa aibu mgeni kuona kitako cha sahani yake, na wewe ndiwe uliyekuwa ukitumwa jikoni kuongeza. Ulidhani mwanao ameishiwa, ukataka kumsitiri bila kumwambia. Lakini chenga zile hazikuweza kuingia katika kinywa chochote mle. Zilizama, zikaoza, maji yakaharibika. Viroboto wakafa, na vifaranga wakakosa cha kula, wakafa nao.

Nilimwendea Nabwire na kopo mkononi. Alikuwa amejua tangu asubuhi ile alipoona unga sakafuni mwa tangi. Alinisihi nisikwambie. Alisema, “Baba alinionea huruma. Akijua, ataona haya na hatakuja tena kunitembelea. Heri mimi niende Malaba.”

Sikumwahidi kunyamaza. Sharti ulilomwekea halikuvunjwa na yeye, na si haki alilipe kwa maisha yake ili wewe usione haya. Ninakuomba, kama kaka yako, umfungue. Nimemwamuru apange upya nyavu zake za kuvulia viroboto. Ameosha tangi, na viroboto aliobakiza kwenye ndoo wameanza kuzaliana.

Usikae mbali. Njoo Jumapili. Atakuvutia kiti kando ya tangi na kukupa kijiko, uwatilie viroboto maji ya kijani wewe mwenyewe, naye atakwambia lini inatosha. Atakaposema inatosha, Oduori, amini kwamba inatosha. Kisha mtaingia ndani, na huko sahani yako itajazwa kama alivyotufundisha mama.

Nisalimie mama watoto na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Paulinus

Kopo la Emojong nimemrudishia. Njoo mikono mitupu.