Mikono Inayocheza Bila Ngoma

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ulizoea kuniita ukiwa barazani, nami nikiitika "abee" huko huko jikoni bila kuinua kichwa. Juzi uliniita tena, mchana, nyumba imejaa watu. Nikaitika. Mama aliacha kukuna nazi, akanitazama; kwetu, marehemu akikuita huitiki, asije akakuchukua.

Hapa Likoni tungali nyumba ile ile. Pembe uliyokuwa ukikaa kushona bado ni yako, na kofia uliyoiacha katikati ningali ninayo. Wewe ulikuwa fundi hasa wa kofia za vito, zile za vitundu vinavyodariziwa kwa mkono. Watu walivuka feri kutoka mjini kukutafuta, maana kofia yako ukiiinua juani, mwanga ulipita kwenye vitundu vyote sawasawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kukutungia uzi kwenye sindano. Siku moja nikaona vidole vyako vinakwenda vyenyewe, sindano imeshikwa lakini haishoni. Ukacheka, ukaniambia, "Mikono inanichezea, mwanangu, na ngoma siisikii." Nikacheka na mimi. Wewe ulinyamaza kabla yangu.

Nyumbani hapakuwa na la kuuliza. Babu alikuwa hivyo hivyo kabla yako. Ni pepo wa ukoo, tuliambiwa, apenda ngoma, na asipopigiwa humtikisa yule aliyempanda kichwani. Basi ukapungwa. Ngoma zilipolia mwili wako ulikwenda nazo, na watu wakasema, si mnaona wenyewe? Zilipokoma, wapigaji wakafuta jasho na kunywa kahawa, wewe ukaendelea peke yako. Kile kimya ndicho kinachonirudia hadi leo. Na baadaye ulipoanza kututukana, wewe ambaye hata paka ulimfukuza kwa adabu, tulisema anayenena si Baba.

Baada ya arobaini yako, shangazi Mwanakombo alituketisha mkekani, mimi na kaka Suleimani, akatufunika shuka moja nyeupe na kuweka chetezo mbele yetu. Pepo huyo, alisema, harithiwi na wawili. Moshi wa ubani ukajikunja, ukamwendea Suleimani.

"Kishachagua," shangazi akasema. "Wewe mtoto wa kike uko huru."

Miaka ikapita, na kweli, bega la Suleimani likaanza kuruka. Akawa hawezi kushika kikombe kisimwagike. Nililia kwa ajili yake, lakini nafsi yangu, wallahi, ilikuwa imetulia. Niliolewa nimetulia. Nikaingia chuo cha uuguzi na ukubwa huu, mwaka wa kwanza pamoja na watoto wadogo wanaonitania kwa kuniita nyanya, nimetulia vile vile.

Hadi tulipofika somo la urithi. Mwalimu alichora ukoo ubaoni: babu, mwanawe, wajukuu, na waliougua akawapaka weusi. Akaeleza ugonjwa wa ubongo unaoanza mtu akishakuwa mtu mzima, mikono inacheza, tabia inageuka. Alisema kila jeni tunazo nakala zake mbili, moja ya baba na moja ya mama, na katika ugonjwa huu nakala moja mbovu yatosha. Mzazi aliye nayo humpa mtoto ama ile mbovu ama ile nzima, sawa na kurusha sarafu. Baba, alikuwa anatuchora sisi. Alibakiza mjukuu mmoja bila rangi, na mimi nikawa namtazama huyo tu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, akishaugua mmoja, wenziwe si wameokoka?

"La," akasema. "Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kila mtoto hurushiwa yake."

Darasa likaandika. Mimi kalamu iliniganda mkononi, nikashukuru kwamba imeganda.

Nina mimba, Baba. Hilo hukulijua. Ikiwa sarafu yangu ilianguka vibaya, na huyu atarushiwa yake. Kuna kipimo cha damu. Mume wangu ataka niende, shangazi asema namchokoza aliyelala, na mimi naogopa majibu kuliko ninavyoogopa ugonjwa. Lakini nitakwenda. Jana niliitoa kofia yako nikajaribu kumaliza safu moja, na kila kitundu nilikikagua juani kwa roho mkononi. Siwezi kuishi hivi, nikiivizia mikono yangu mwenyewe.

Leo asubuhi mtoto amecheza tumboni kwa mara ya kwanza. Mama alipiga kigelegele. Mimi niliweka viganja juu ya tumbo, nikatega sikio. Ngoma sikuisikia.

Mungu akulaze pema, Baba. Mimi ukiniita tena nitaitika, sina ujanja, ni sauti yako. Ila huyu, nakuomba kwa mapenzi yetu yote, usimwite.

Ni mimi, kitinda mimba wako.