Mguu wa Baba Unauma Tena

Kariuki, ndugu yangu,

Mguu wa Baba umeanza kuuma tena. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza mimi niko aje.

Ule mto mdogo uliomtengenezea, wa kukaa kati ya kigutu chake na mguu wa bandia, ulipasuka wiki chache baada ya kukuzika. Yale maji meupe ya ndani yakamwagika yote kwenye soksi. Sasa amerudia kipande cha godoro, na jioni akikivua naona damu. Anasema ni baridi tu. Baridi gani inatoa damu?

Chupa za maji hayo ulizoacha kabatini, za kuujazia tena, usiniulize. Baada ya mazishi kina mama wa kanisa walikuja kutusafishia nyumba, wakakuta kitu cheupe, kizito kidogo. Hapa Mukurweini, kila boma na ng'ombe wake, kingekuwa nini kama si maziwa? "Ati hii imeharibika, na chupa ni mzuri hivi!" Wakamwaga, wakaosha, wakagawana chupa. Mimi nilikuwa kaburini nakupandia maua, mjinga mimi.

Walimu wako wa chuo waliapa mbele ya jeneza kwamba kazi yako haitakufa. Siku hizi nikipiga simu hawashiki.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwako. Nilikuoshea vyombo vya majaribio yako miaka yote. Uliniita nione vile punje zisizoonekana ndani ya yale maji zinashikana zenyewe kwa joto la kiganja, bila gundi, maji yanakuwa kama uji, na yakipoa zinaachiana. Ukasema kigutu kikivimba zitalegea, kikipungua zitajaza nafasi. Nikauliza unachanganya nini. Ukacheka. "Wewe wacha tu kutingisha chupa, zijipange. Nitakufundisha." Lini, Kariuki? Ulipanda pikipiki ya kwenda Kiganjo na kila kitu kikiwa kichwani mwako, na kichwa ndicho kilichogonga lami.

Jana Baba aliniuliza, "Kariuki hakuacha ingine?" Nikamwambia uliacha, ila bado haijashika vizuri. Akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu tukuzike.

Kwa hivyo nimeanza kuichanganya mwenyewe. Yangu inabaki maji, au inaganda kama ugali wa jana. Namwaga, naanza upya, nakutukana.

Lala salama, basi. Nakuahidi nitaipata. Na siku nitakapomvika Baba, nitamwambia ni ile yako.

Wangari