Tela Tupu Kwenye Upepo

Jumanne, Mbinga

Hata sasa sihisi kitu. Nilishusha saruji Mbamba Bay, kando ya ziwa, nikapandisha milima kurudi na tela tupu. Kwenye kona za juu upepo ukalipiga ubavuni, na kwenye kioo nikaona matairi ya upande wa ziwa yameachana na lami. Sikushika breki. Nilitoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikakaza usukani mpaka yakarudi chini.

Nikaegesha nyuma ya kilima kinachokinga upepo. Bosi akaona kwenye simu yake kwamba gari limesimama, akanipigia.

"Umesimama kwa nini, na gari ni tupu?"

"Ndiyo sababu, bosi. Ni jepesi, linapeperushwa."

Alikata simu. Nilisubiri kwa saa tatu nzima, upepo ukatulia.

Nyumbani mke wangu aliuliza habari za safari. Nikasema nzuri. Akaniuliza mbona nimepanda kitandani na viatu.